Somo: Kubeba sanduku la spana bila kujiumiza bega

Mafundi wenzangu, sanduku langu la kwanza lilinikatikia mpini nikipanda mlima wa Namirembe, mvua inanyesha. Soketi namba 10 ikabiringika hadi mtaroni, na hiyo ndiyo soketi inayopotea hata siku za jua. Tangu hapo nimejaribu mengi. Haya ndiyo yaliyobaki.

1. Pima. Huna mizani? Ning'iniza mti mnyoofu kwa kamba katikati, upande huu sanduku, upande ule jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi ongeza maji hadi mti ulale sawa. Langu lilimaliza jerikeni ya lita 20 na bado likainama upande wake. Nikamwaga vyote chini: misumari ya kazi ya mwaka jana, nyundo mbili, koki mbovu. Nilikuwa navitembeza Kampala nzima bure.

2. Mpini. Chuma chembamba hukata vidole kwa kuwa uzito wote unakaa mahali padogo. Pasua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kivishe mpini, kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta sana. Basi.

3. Mkanda wa begani. Hapa msikimbie. Nenda Kisekka, kwenye soko la vipuri vya magari Kampala, au gereji yoyote, uombe mkanda wa kiti wa gari lililokufa. Una upana wa karibu sentimita 5, kwa hiyo haukati bega kama kamba. Usiufunge kwenye mpini! Upitishe chini ya sanduku lote, upande hadi upande, ili kitako ndicho kibebwe. Bolti za ubavuni zenye washa pana ziuzuie tu usiteleze. Tundu litoboe kwa msumari wa moto: nyuzi ni za polyesta, zitayeyuka na kugandana, hazitafumuka. Vaa ukikatiza kifua, sanduku ligusane na kiuno. Vyuma vizito vikae chini, upande wa mwili wako. Kisha badilisha bega njiani.

4. Magurudumu. Vile vidogo vya masanduku ya safari viacheni uwanja wa ndege. Kwenye maramu vinazama. Tafuta ya baiskeli ya mtoto, ekseli iwe kipande cha nondo, fundi wa kuchomelea wa Katwe atamaliza. Weka sanduku karibu na ekseli. Sanduku la kilo 30 likiwa sentimita 20 mbele ya ekseli, na mikono yako mita 1 mbele ya ekseli hiyo hiyo, unainua kilo 6 tu.

Maswali

*Fundi bomba, Mbale:* Kwenye ngazi za ghorofa nifanyeje, kaka?

Tafuta msaidizi, mtumie mpiko: mti begani kwa wawili, sanduku likining'inia katikati. Kamba ifungwe isisogee. Ikiteleza, aliye chini atabeba karibu lote, na kesho hatakuja kazini.

*Fundi umeme, Jinja:* Na kwenye boda?

Lilaze kwenye keria, ulikaze kwa mipira ya tyubu ukikatiza msalaba. Ule mkanda wa begani ukunje uuingize ndani kabisa. Ukining'inia, gurudumu au cheni itaukamata, na mtaanguka wote.

*Seremala, Arua:* Kichwani je? Mama zetu wanabeba jerikeni hivyo kila siku.

Ngata, Waganda wanaiita enkata, inafaa kwa mzigo uliotulia. Spana zinahama kila ukigeuka. Ukizibana kwa matambara labda, lakini shingo yangu mimi siikopeshi.

*Fundi bomba, Mbale:* Mkanda wa kiti ni shilingi ngapi?

Wangu nilipewa bure, baada ya kusaidia kushusha injini.