Namna ya Kuifaidi Bustani ya Arboretum, Nairobi

Bustani ya Arboretum iko kando ya barabara ya State House, takriban kilomita 3 kutoka katikati ya jiji, na anayeiendea kwa ajili ya utulivu hana budi kuchagua siku kwanza. Jumamosi na Jumapili, hasa baada ya adhuhuri, nyasi zake hujaa familia, vyama, vikundi vya maombi na vijana wa kupigana picha; raha hiyo ina wenyewe, ila si utulivu. Nenda siku ya kazi asubuhi, wakati wageni wengi ni watu wa kukimbia tu.

Ukitoka mjini kwa miguu, vuka Uhuru Highway karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha ufuate barabara ya State House ukiyapita mabweni ya wanafunzi. Ikulu ni jirani wa bustani hii, kwa hiyo simu ya kupigia picha ibaki mfukoni mpaka uingie. Kiingilio ni kidogo na hulipwa kwa simu, basi hakikisha una chaji na salio. Maji yabebe katika chupa ya kudumu, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi za Kenya.

Chakula ndicho kitakachokusumbua. Kima na tumbiri wa hapa wamewazoea watu kupita kiasi: karatasi ya krispi ikilia tu, mmoja hushuka mtini, akaketi hatua chache kutoka kwako, macho yakiwa kwenye mikono yako wala si usoni, na ukigeuka kumjibu mwenzako ndizi imekwenda. Ni afadhali ule kabla ya kuja. Usiwalishe hata wakikutia huruma, maana wageni wakarimu ndio waliowafundisha unyang'anyi.

Ukishaingia, usifanye haraka. Bustani ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua upesi, kwa kuwa garimoshi za reli ya Uganda ziliendeshwa kwa kuni na misitu ya asili isingetosheleza. Ndiyo sababu mikaratusi ya Australia imesimama pamoja na miti ya kienyeji katika eneo la hekta 30 hivi, lenye zaidi ya aina 300 za miti. Mingi ina vibao vya majina. Chagua michache, uisome, uguse magome yake na kuyalinganisha. Kisha ushuke taratibu kuelekea mto Kirichwa Kubwa, ambako kelele za magari hupungua na ndege husikika vizuri zaidi, lakini maji yake usiyanawe.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, vijia huteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Julai asubuhi, sweta ni lazima.