Somo: Kumtofautisha askalafidi na kereng'ende

Askalafidi (familia ya Ascalaphidae, oda ya Neuroptera) hudhaniwa kuwa kereng'ende kwa sababu ya mabawa na mwili wake mrefu. Ndugu zake wa karibu ni wadudu ambao lava wao (watoto wasio na mabawa) huchimba vishimo mchangani kutega sisimizi.

Hatua ya 1: Vipapasio. Mara nyingi kazi huishia hapa. Vya kereng'ende ni vifupi na vyembamba kama unywele. Vya askalafidi ni virefu, vyenye kirungu nchani. Akitua huvilaza kwenye kijiti, kwa hiyo mpige picha kwa ubavu. Picha ya kutoka juu huvificha, na ndiyo huleta ubishi.

Hatua ya 2: Macho. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Kwa spishi nyingi, mfereji hugawa kila jicho sehemu ya juu na ya chini. Usipouona usimkatae, kwani kundi la Haplogleniinae halina mgawanyiko huo.

Hatua ya 3: Mkao. Wengi hushinda wametulia wakiwa wamekumbatia kijiti, fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili) limechomoza kama tawi lililovunjika, kisha huwinda wadudu angani wakati wa machweo. Wale wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Libelloides wa Ulaya ni kinyume: huruka juani.

Hatua ya 4: Lava. Ni bapa, ana mataya ya mundu yenye meno, na vijikono ubavuni. Hachimbi shimo, huvizia juu ya mimea au chini ya majani makavu, mataya wazi kabisa, na wengi hujifunika takataka. Mwaga majani juu ya kitambaa cheupe, kisha usubiri dakika kadhaa bila kugusa. Anayekagua haraka humkosa, maana lava hajisogezi. Ukiwafuga, kila mmoja na chombo chake, la sivyo watalana.

MASWALI

Lava wangu anakula lakini hatoi kinyesi. Anaumwa?
Hapana. Utumbo wake umezibwa nyuma ya tumbo. Mabaki hukaa humo hadi awe mdudu mzima, ndipo huyatoa. Njia ya nyuma hutoa hariri ya kufuma kifukofuko.

Mdudu mzima alitoka kwenye kifukofuko na mabawa yaliyokunjamana. Kwa nini?
Hakupata pa kupanda. Simamisha kijiti chenye maganda ya kukwaruza mapema, kabla hajatoka. Mabawa yakishakauka hayanyooki tena.

Kuna vijiti vidogo chini ya safu ya mayai. Ni mayai yaliyoharibika?
Kwa jenasi ya Ululodes wa Amerika, jike huviweka makusudi: ni mayai yasiyoanguliwa, yaliyogeuzwa kuwa uzio wa kuzuia sisimizi wanaopanda. Ukikata tawi kwa ajili ya kufuga, kata chini ya uzio huo.

Mbona orodha nyingine humweka askalafidi katika Myrmeleontidae, familia ya wale ndugu zake wachimba vishimo?
Uchambuzi wa jeni wa mwaka 2019 ulipendekeza awe familia ndogo humo. Wengine bado hutumia mpangilio wa zamani, kwa hiyo kwenye lebo andika jenasi kwanza.