Kupima madhara ya pombe katika kata: anza na daftari la zahanati

Katika kila kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata nilichohudhuria hapa Tabora, lazima mtu asimame aseme pombe imezidi. Wote wanaitikia. Mwenyekiti anaagiza "bwana afya alifanyie kazi", na bwana afya ni mimi. Mara ya kwanza nililifanyia kazi kwa namna niliyoijua: nikachukua mgambo wawili, tukaingia kilabuni saa nne asubuhi, tukamwaga mapipa ya wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, mbele ya watu. Nilisifiwa sana. Wiki chache baadaye wapishi wa pombe walikuwa wamehamia kwenye mabani (mabanda ya kukaushia tumbaku) huko porini, na majeruhi wa usiku wakawa wanafika zahanati wamechelewa kuliko zamani kwa sababu ya umbali. Je, waliongezeka au walipungua? Sijui mpaka leo. Sikuwa na namba ya kabla wala ya baada. Nilikuwa na picha ya pipa lililopinduliwa tu.

Yafuatayo ndiyo ninayofanya sasa. Unahitaji kaunta buku moja, kalamu, na muuguzi anayekuelewa. Kompyuta si lazima.

Hatua ya 1: Hesabu madhara, usihesabu walevi

Ukianza kwa kuuliza "kata yetu ina walevi wangapi?" umeshapotea. Kila mtu ana mlevi wake kichwani, na mara nyingi ni jirani asiyempenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani, na wengi wa waliokufa si yule mzee anayelala mtaroni. Wamo wa ajali za barabarani, wa kupigwa, wa ini, wa saratani, wa moyo, wa kifua kikuu. Anayekunywa zaidi ya gramu 40 za alkoholi halisi kwa siku ana hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara tatu ya asiyekunywa hivyo. Wengine hawakunywa hata tone: ni mke, ni mtoto, ni abiria wa bodaboda.

Chagua vitu viwili au vitatu unavyoweza kuvihesabu bila kubishana. Mimi nilichagua majeruhi wote wanaofika kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, wote wanaokuja na PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) kwa kupigwa, na wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa ambao wao wenyewe au ndugu zao wanataja pombe. Usiongeze cha nne mpaka hivi vitatu vizoeleke.

Hatua ya 2: Safu nne kwenye kaunta buku

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Huko Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa uso na taya, Jonathan Shepherd, aliona kwamba sehemu kubwa ya watu aliowashona baada ya ugomvi hawakuwamo kabisa kwenye kumbukumbu za polisi. Hospitali ikaanza kuwauliza majeruhi walipigwa wapi, lini na kwa kitu gani, ikaondoa majina, ikawapa polisi na halmashauri ya jiji kila mwezi. Tathmini iliyotoka mwaka 2011 ilionyesha waliolazwa kwa kupigwa walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana na Cardiff. Hakuna mashine ya ajabu pale. Ni maswali ya mapokezi.

Usichore safu mpya kwenye Kitabu cha 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje. Hicho ni cha serikali na kina utaratibu wake. Fungua kaunta buku pembeni, bila majina, lenye tarehe na safu hizi:

1. Saa ya kuumia (si saa ya kufika).
2. Mahali hasa.
3. Kilichomuumiza: ngumi, chupa, fimbo, panga, pikipiki, kuanguka.
4. Pombe: ndiyo, hapana, haijulikani. Andika "ndiyo" kama majeruhi *au aliyemuumiza* alikuwa amekunywa ndani ya saa sita.

Hilo neno "au" lisikuponyoke. Mwanzoni muuguzi wetu aliwaandikia "hapana" kina mama waliopigwa na waume waliotoka kilabuni, kwa sababu ni kweli, mama hakunywa. Nusu ya picha ilikuwa inatoroka kupitia safu hiyo.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Ukimwuliza mtu anayevuja damu "ulikuwa umelewa?" amekuwa mshtakiwa, na atajibu kama mshtakiwa. Muulize "ulikuwa wapi ulipoumia?" halafu "kulikuwa na watu wanakunywa?" Utapata jibu. Na mtibu kwanza. PF3 na kaunta buku vitasubiri damu ikatike.

Kwenye safu ya pili usikubali neno "kilabuni". Kilabu kipi? Wiki mbili za mwanzo kaunta buku letu lilijaa "kilabuni, kilabuni, njiani, kilabuni". Siku hizi tunaandika kwa alama ambazo hata mtoto anazijua: nyuma ya ghala la chama cha msingi, kwenye mwembe wa stendi, daraja la mbugani.

Hatua ya 3: Jua kilichomo kwenye kopo

Bia ya dukani imeandikwa asilimia yake. Wanzuki, kangara na gongo (pombe kali ya kienyeji) havijaandikwa. Bila kujua nguvu yake, "nimekunywa makopo mawili" haikuambii kitu.

Kanuni ni hii: mililita × asilimia ÷ 100 × 0.79 = gramu za alkoholi. Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 10. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20 hivi, yaani vipimo viwili. Toti ya gongo ya mililita 50 yenye asilimia 40 ni karibu gramu 16. Mtu anayejisifu kwamba yeye hanywi sana, "toti tatu tu", amemeza zaidi ya bia mbili kabla hajakaa vizuri kwenye benchi.

Kwa gongo tumia kipima kileo kinachoelea. Kwa wanzuki hicho kitakudanganya, maana sukari na asali vinakifanya kielee juu. Mimi natumia haidromita ya kawaida (kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji) na jiko:

Chukua mililita 250 za wanzuki iliyochujwa, tikisa gesi itoke, pima uzito wake kwa haidromita. Tuseme inasoma 1.012. Mimina yote kwenye sufuria, chemsha taratibu mpaka ibaki kama nusu. Alkoholi imekwenda, sukari imebaki. Acha ipoe mpaka joto lilelile la mwanzo, rudisha kwenye silinda, jazia maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike tena mililita 250 kamili. Pima. Tuseme sasa inasoma 1.022. Tofauti ni 0.010. Kila tofauti ya 0.007 ni takriban asilimia 5, kwa hiyo hii ni asilimia 7 hivi. Kopo la nusu lita la wanzuki hiyo lina gramu 28. Ukisahau kuipoza kabla ya kupima, anza upya.

Nilipokwenda kuomba sampuli kwa mama mmoja mpishi, aliyenikumbuka vizuri kutokana na yale mapipa, hakunificha.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, bwana afya. Leo umekuja na mgambo au umekuja na pesa?"

Nilikuwa nimekuja na pesa. Nilinunua lita moja kama mteja yeyote, nikachemsha kwenye jiko lake hapohapo, nikamwonyesha namba. Alichukua kipande cha mkaa akaiandika ukutani. Kisha akaniambia jambo ambalo nisingelijua: Jumamosi anaitengeneza kali zaidi, na wateja wanalipa bei ileile.

Jambo moja la gongo lisisubiri takwimu. Mtu akinywa, akaamka salama, kisha saa 12 hadi 24 baadaye akaanza kuona ukungu, kutapika na kuhema haraka, fikiria metanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, na mkimbize hospitali ya wilaya au ya rufaa saa hiyohiyo. Wakija wawili kutoka sehemu moja, piga simu kwa mganga mkuu wa wilaya kabla hujamaliza kuandika.

Hatua ya 4: Maswali ya AUDIT, kwa makopo ya hapa

AUDIT ni dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani, alama 0 hadi 40. Alama 8 hadi 15 mpe ushauri mfupi. 16 hadi 19 mshauri na umfuatilie. 20 na zaidi mpe rufaa. Liulize kliniki ya kifua kikuu na ya dawa za kufubaza VVU, usilipeleke kilabuni.

Shida iko kwenye swali la pili, la idadi ya vinywaji kwa siku ya kawaida. Wanzuki hunywewa kwa mzunguko: ndoo moja, kopo moja, watu watano. Hakuna anayejua amekunywa mangapi. Uliza pesa badala yake: "Mlichanga shilingi ngapi, mkiwa wangapi?" Bei ya lita unaijua, nguvu unaijua kutoka hatua ya tatu, gawanya.

Anayekunywa kila siku tangu asubuhi usimwambie aache leo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, degedege, na siku ya pili au ya tatu kuweweseka kunakoua. Huyo anaachishwa chini ya uangalizi wa daktari. Viongozi wetu wa dini wanaotaka muumini aape Jumapili kwamba hatagusa tena, waambieni hili kwa upole.

Hatua ya 5: Soma kaunta buku

Mwisho wa mwezi chora jedwali: siku za wiki juu, saa pembeni, weka kistari kwa kila majeruhi wa "ndiyo". Kisha ramani ya mkono yenye nukta. Usikimbilie asilimia. Kata moja ina namba ndogo, na kutoka wanne kwenda wawili si ushindi, ni mwezi tu. Linganisha msimu kwa msimu: huku kwetu malipo ya tumbaku yakitoka, kaunta buku linajaa, mvua za kulima zikianza, linapungua lenyewe. Aliyeanzisha kampeni kabla ya kilimo atajisifia mvua.

Hatua ya 6: Chagua kilicho mikononi mwako

Shirika la Afya Duniani lina mambo matano liliyoyaita SAFER mwaka 2018: kubana upatikanaji, kudhibiti ulevi barabarani, uchunguzi na matibabu, kuzuia matangazo, kupandisha bei kwa kodi. Kodi na matangazo ni ya Dodoma. Bei inafanya kazi kweli: Uskoti waliweka bei ya chini kabisa mwezi Mei 2018, na tathmini ikakadiria vifo vitokanavyo moja kwa moja na pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa. Lakini gongo hailipi kodi, kwa hiyo kwetu bei peke yake inaweza kumsukuma mtu kutoka kwenye bia kwenda kwenye toti. Katazo la viroba la Machi 2017 liligusa kile kifuko cha plastiki. Pipa la porini halikuguswa.

Kata ina saa, mahali na leseni. Sheria ya Vileo ya 1968 inadhibiti leseni na saa za kuuza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na hapo weka mkazo kwa mtoto anayetumwa chupa na baba yake, ndiye anayesahaulika. Sheria ndogo ya halmashauri ni njia nzuri ila ndefu: inapita baraza la madiwani, kisha kwa waziri. Ukiisubiri, utapitwa na misimu miwili.

Sisi tulianza na makubaliano. Tuliwaita wapishi na wenye baa, tukabandika ramani ukutani bila jina la mtu. Safu ya tatu ilikuwa imejaa "chupa", kwa hiyo la kwanza lilikuwa kumimina kwenye kopo na kuacha chupa kaunta. La pili, chakula kiuzwe palepale. La tatu, saa ya kufunga iwe moja kwa wote, maana anayefunga mapema peke yake anampa jirani wateja. Hili la tatu walilipendekeza wao. Bodaboda wa stendi wakakubali kuwarudisha watu bila kunywa nao. Kikomo cha kisheria kwa dereva ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, lakini kipimo hicho hatuna, kwa hiyo tumekubaliana sifuri.

Hatua ya 7: Rudisha namba kikaoni

Peleka ukurasa mmoja kila robo mwaka. Kitongoji chenye majeruhi chini ya watano kiunganishe na jirani yake, la sivyo kikao kizima kitajua ni nyumba ya nani.

Na uwe tayari kwa maswali. Kikao cha mwisho diwani aliweka kidole kwenye wiki mbili zilizo tupu, akafurahi: "Hapa hakuumia mtu?" Ikabidi niseme ukweli, kwamba muuguzi alikuwa likizo na aliyemshikia zamu hakuwa ameelekezwa. Tangu siku hiyo usiku usio na majeruhi unaandikwa 0 na sahihi ya wa zamu, na usiku usioandikwa unapigwa mstari mwekundu. Mistari ikizidi mitatu kwa mwezi, mwezi huo siupeleki.