SOMO: Inhela ya pumu inavyovutwa, na kwa nini yako "haifanyi kazi"

Wiki hii nimeulizwa mara tatu: "Mbona hii dawa ya kuvuta hainisaidii?" Nikimwambia mtu avute nimwone, moshi unamtoka mdomoni utadhani anavuta sigara. Basi naandika mara moja, atakayeuliza tena nitampa hii. Mimi si daktari, ni mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Dozi kapange na daktari wako. Hapa tunazungumzia mkono na pumzi.

Kwanza ujue umeshika nini. Ya kutuliza mara nyingi ni ya bluu, salbutamol. Inalegeza misuli iliyobana njia za hewa ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Ya kuzuia, mara nyingi kahawia, ina steroidi kama beclometasone. Hiyo inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, na faida yake huja kwa siku na wiki, si papo hapo. Bluu haigusi uvimbe. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa bluu peke yake. Zipo pia zenye dawa mbili pamoja, kama budesonide na formoterol. Rangi hutofautiana, soma maandishi.

Hatua za inhela ya kubonyeza:

1. Vua kifuniko, chungulia ndani ya kidomo.
2. Tikisa.
3. Ikiwa mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, nyunyiza hewani kwanza. Mara ngapi, imeandikwa kwenye karatasi yake.
4. Kaa wima. Toa pumzi taratibu hadi iishe, pembeni, si ndani ya inhela.
5. Kidomo kati ya meno, midomo ikifunge kabisa, ulimi chini.
6. Anza kuvuta, NDIPO ubonyeze, na uendelee kuvuta polepole.

Hapa ndipo nilipoharibu kwa miaka sita. Nilikuwa nabonyeza kwanza halafu navuta kwa pupa, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nilihisi baridi inagonga koo, uchungu ulimini, nikajua dawa imeingia. Siku moja muuguzi akaniambia, "Hebu vuta nikuone." Nikavuta. Hakusema kitu, akaninyooshea kioo kidogo, akaniambia nirudie. Nikaona ukungu mweupe ukinitoka pembe ya mdomo. Miaka yote hiyo dawa nyingi ilikuwa inaishia kooni na tumboni, nami nalalamika kwamba ni dhaifu na kuomba yenye nguvu zaidi. Ile dawa hutoka kwa kasi kubwa, na ukivuta kwa nguvu inagonga nyuma ya koo badala ya kukata kona kwenda chini. Vuta kama unavyonusa chungu kinachochemka: polepole, sekunde 3 hadi 5. Ukiona ukungu, umeikosa. Ukisikia uchungu mwingi ulimini, nyingi umeikosa. Na usibonyeze mara mbili kwa pumzi moja ili "kufidia".

7. Bana pumzi hadi sekunde 10, au uwezavyo.
8. Kama una mpulizo wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, anza upya.
9. Ya steroidi: sukutua kwa maji, TEMA. Usiposukutua unaweza kupata fangasi mdomoni na sauti ya kukwaruza.

Ukiweza kupata spesa, ile chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo, itumie hata kama wewe ni mtu mzima. Inapunguza kasi ya dawa, na hatua ya 6 inakuwa rahisi. Mpulizo mmoja mmoja tu. Mtoto apumue ndani yake kama kawaida mara 5 au 6.

MASWALI

Kifua_Wazi: Yangu nimevuta wiki nzima hakuna kitu. Nifanyeje?

Jibu: Ipi? Bluu au ya kuzuia? Umesoma hatua ya 6?

Kifua_Wazi: Sijasoma yote, ni ndefu.

Jibu: Pumu ni ndefu kuliko hiyo. Soma.

MamaMapacha: Asante kwa somo. Nikiosha spesa ya wanangu naambiwa nisiifute kwa kitambaa. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Ukisugua plastiki unaitia umeme tuli, ule unaofanya nywele zifuate kitana. Chembe za dawa zinanaswa ukutani kabla hazijafika kwa mtoto. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usiisugue, iache ijikaushe yenyewe. Na spesa ikikosekana usikate tamaa: watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri ili inhela ikae, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya kiwandani.

Mzee_Kijana: Kwa nini nihangaike na haya yote wakati vidonge vya salbutamol vipo?

Jibu: Piga hesabu. Mpulizo mmoja kwa kawaida ni maikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, sawa na mipulizo 40, na kinazunguka mwili mzima kabla ya kugusa kifua. Mikono itatetemeka, moyo utaenda mbio, na nafuu itachelewa.

Mzee_Kijana: Mimi vinanifaa. Wewe umesema si daktari.

Jibu: Kweli. Mpelekee daktari hesabu hiyo.

Bado_Nipo: Nimesikia unatumbukiza kopo la inhela kwenye maji, likielea limeisha. Ni kweli?

Jibu: Hapana, na hilo limewaponza wengi. Dawa inaweza kuisha na gesi inayoisukuma ikabaki, kwa hiyo litaendelea kupuliza na kusikika vilevile. Maji nayo yanaweza kuziba tundu. Kama halina namba za kuhesabu, hesabu mwenyewe: kopo la mipulizo 200, ukitumia 4 kwa siku, ni siku 50.

Nesi_wa_Zamu: Niongeze. Akibanwa na mnangoja msaada: mkalishe wima, bluu kwenye spesa, mpulizo mmoja apumue mara nne, rudia hadi mipulizo minne, subiri dakika nne. Hakuna nafuu? Tafuta usafiri huku mkirudia. Midomo ikiwa ya bluu, hawezi kumaliza sentensi, au anasinzia, safari ianze sasa hivi, dawa mtampa njiani.

Jibu: Asante nesi. Wote someni hapo juu mara mbili.

Kifua_Wazi: Nimesoma yote sasa. Kumbe yangu ni ya unga, ile ya kuzungusha. Na nilikuwa naitikisa.

Jibu: Ungesema mwanzo, ndugu yangu! Ya unga ni kinyume: usiitikise, usipulizie ndani maana unga utalowa, na vuta kwa NGUVU tangu mwanzo, kwa sababu pumzi yako ndiyo inayoutoa. Jaribu leo. Na kama ni ya kuzuia, wiki moja haitoshi kuihukumu.

MamaMapacha: Mimi naandika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kopo la chuma lenyewe. Zamani niliandika kwenye plastiki inayoshika kopo, nikaziosha mbili kwa pamoja, nikazibadilisha bila kujua.