Namna ya Kukwepa Mchujo wa Kura Ukiwa na Sauti Nzuri

Mshiriki mwenye sauti nzuri huingia kwenye mashindano ya uimbaji ya televisheni akiwa na dhana inayomponza, nayo ni kwamba watazamaji hupiga kura ili kumtunuku aliyeimba vizuri kuliko wenzake usiku ule. Katika mengi ya mashindano haya, mtazamaji hupewa kura ya kumbakisha anayempenda, wala hana kura ya kumwondoa asiyemtaka. Hivyo mwimbaji ambaye karibu kila mtazamaji angemtaja wa pili kwa ubora anaweza kumaliza usiku akiwa na kura chache kuliko mwenzake ambaye wengi hawampendi lakini wachache wanamfia. Ukilielewa hilo mapema, utaacha kujiuliza kama uliimba vizuri, na utaanza kujiuliza ni nani hasa aliyeshika simu kwa ajili yako.

Kabla ya kuchagua hata wimbo wa kwanza, soma kanuni za upigaji kura hadi uzielewe. Katika American Idol, shindano lililoanza mwaka 2002 nchini Marekani, mtazamaji aliweza kwa miaka mingi kupiga simu mara nyingi kadiri alivyotaka ndani ya muda uliowekwa, na fainali ya mwaka 2012 ilivuna kura milioni 132, idadi inayozidi kwa mbali watazamaji wenyewe. Kura za intaneti zilipoanza kupokelewa mwaka 2011, kila mtu aliwekewa kikomo cha kura 50. Tofauti hiyo si ndogo. Pale ambapo kura hazina kikomo, kundi dogo la mashabiki wasiochoka huwashinda maelfu wanaokusifia wakiwa wamekaa tu, kwa hiyo ni afadhali upendwe sana na wachache. Pale ambapo kila mtu anaruhusiwa kura moja au chache, unahitaji watu wengi wa aina mbalimbali, na kujifungia katika mtindo mmoja wa muziki kunaweza kukugharimu.

Jihadhari na sifa za majaji, maana ndizo zinazowaondoa wengi walio bora. Jaji anapotangaza kwamba tayari anakuona fainali, shabiki wako husikia kwamba huhitaji msaada wake, naye huipeleka kura yake kwa mwingine anayeonekana kuwa hatarini. Mwaka 2011 mwimbaji Pia Toscano alikuwa akimwagiwa sifa na majaji wa American Idol wiki baada ya wiki, kisha akatoka akiwa wa tisa. Majaji walikuwa na haki ya kumwokoa mshiriki mmoja tu kwa msimu mzima, na walikuwa wameitumia wiki mbili nyuma kwa Casey Abrams. Huwezi kumzuia jaji asikusifu, lakini dakika ile unayopewa ya kuzungumza baada ya kuimba ni yako: itumie kuwaambia watazamaji waziwazi kwamba unahitaji kura zao usiku huo, bila kujidhalilisha. Washiriki wengi huitumia dakika hiyo kuwashukuru majaji, ambao kwa kawaida kura zao hazihesabiwi, na kwa maoni yangu huo ni upotevu mkubwa.

Jambo linaloeleweka kwa uchache zaidi ni mgawanyiko wa kura. Mwezi Aprili mwaka 2004, washiriki watatu waliopata kura chache zaidi katika American Idol walikuwa Fantasia Barrino, La Toya London na Jennifer Hudson, wanawake watatu waliohesabiwa miongoni mwa waimbaji bora wa msimu ule. Hudson aliondolewa akiwa wa saba. Mwezi uliofuata Fantasia, aliyekuwa katika kundi lile lile la hatari, alitangazwa mshindi. Naye Hudson alikuja kupata tuzo ya Oscar, ya uigizaji wa filamu, mwaka 2007. Palikuwa na maelezo mengi ya tukio lile, yakiwemo madai ya ubaguzi wa rangi, na sidhani kwamba sababu ilikuwa moja. Lakini hesabu yenyewe inatosha kuonya: waimbaji watatu wanapovuta mashabiki wa aina moja, kila mmoja hubaki na theluthi ya watu hao, huku mwimbaji wa wastani aliye peke yake katika mtindo wake akichukua mashabiki wake wote bila kugawana na mtu. Kwa hiyo, wiki za mwanzo, angalia ni nani anayeimba kama wewe. Mkiwa wawili au watatu, sogea kando, ama kwa kuchagua nyimbo za mwendo tofauti, au kwa kupiga ala, au kwa kuimba kwa utulivu pale wenzako wanapopaza sauti. Usingoje yule mwenzako atolewe ndipo urithi kura zake, kwa kuwa atakayetolewa kwanza anaweza kuwa wewe.

Usidhani pia kwamba uongozi wa wiki moja ni akiba. Katika The X Factor, shindano la uimbaji la Uingereza, mwaka 2010, Mary Byrne ndiye aliyepata kura nyingi zaidi wiki ya kwanza, na bado hakufika fainali. Takwimu hizo zilitolewa baada ya msimu kumalizika, maana yake ni kwamba mshiriki anayeporomoka haonyeshwi anaporomoka. Dalili utakazoziona ni za pembeni tu, kama vile kupungua kwa kelele za ukumbini jina lako linapotajwa, au watu kuanza kukuzungumzia kwa heshima badala ya shauku.

Katika kuchagua wimbo, kumbuka kwamba mwishoni mwa kipindi watazamaji hurudishiwa sekunde chache za kila mshiriki, zikiambatana na namba ya kumpigia kura. Tafuta sekunde hizo ndani ya wimbo wako kabla ya mazoezi, na uhakikishe ndipo sauti yako inaposikika safi na uso wako unapoonekana. Hili lina uzito wa pekee ukipangiwa kuimba mwanzoni, kwa sababu wanaoimba mwishoni hubaki katika kumbukumbu zaidi. Sauti ya juu isiyo na sababu huwafurahisha walimu wa muziki, lakini mtazamaji wa kawaida huchoka nayo ifikapo wiki ya nne. Mpe wimbo mmoja anaoujua, uimbwe kwa namna ambayo hajawahi kuusikia.

Mwisho, uwe na wimbo wa usiku wa hatari, uliofanyiwa mazoezi tangu wiki ya kwanza na ambao hujauimba jukwaani. Katika The X Factor, wawili wenye kura chache walishindanishwa tena papo hapo mbele ya majaji, na majaji wakigawanyika sawasawa, uamuzi ulirudi kwenye kura za watazamaji. The Voice, shindano jingine la uimbaji la Marekani, ilianzisha mwaka 2013 utaratibu wa kuokolewa papo hapo kupitia Twitter, ambapo watazamaji walikuwa na dakika tano tu. Waeleze mashabiki wako mapema jinsi ya kupiga kura ya namna hiyo na neno lipi la kuandika, kwa sababu dakika hizo zikianza, wewe utakuwa umesimama jukwaani na hutaweza kumwelekeza mtu yeyote.