Stima ikirudi kwa kishindo: ninavyokinga bodi zisiungue

Kibanda changu kiko Kondele, Kisumu, na kila usiku wa mvua kubwa ukipita najua nitakachokuta asubuhi. Mmoja amekumbatia runinga iliyofungwa shuka, mwingine amebeba redio ya kanisa, kijana wa kinyozi ana mashine na chaja zake ndani ya ndoo. Hadithi ni ile ile: "Fundi, stima ilipotea, ikarudi, TV ikasema pu! halafu kimya." Na wote wanailaumu radi.

Radi siitetei. Huku kwetu magharibi, hasa Kisii na Kakamega, imeshaua watu na ng'ombe. Lakini mara nyingi nikifungua bodi, ule ubao wa ndani uliobeba vipande vyote, nakuta kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza chaji, imevimba kichwa kama andazi, fyuzi imekatika, na waya zote ni nzima. Radi haifanyi kazi safi hivyo. Hiyo ni stima ya kawaida iliyopanda ikakaa juu dakika nzima.

Shika tofauti hiyo kabla hujatoa pesa dukani, maana maadui ni watatu. Kuna mpigo mfupi wa maelfu ya volti, unaokuja na kuondoka kabla hujapepesa jicho. Kuna volti inayopanda na kukaa. Na kuna mkondo mkubwa unaovutwa na kifaa chenyewe pale kinapowashwa. Kinga ya mmoja haimzuii mwingine.

Nianze na huyo wa pili, kwa sababu ndiye anayenilisha. Kwenye nguzo kuna laivu tatu, yaani waya zinazoleta stima, na nyutro moja, waya wa kuirudisha. Kati ya laivu na nyutro ni volti 240. Kati ya laivu na laivu ni 415. Nyutro ikikatika huko juu, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye laivu nyingine zinabaki zimefungwa mkia kwa mkia, zinagawana hizo 415. Na hazigawani kwa haki. Jirani akiwa amewasha pasi au mashine ya kuchomelea, anapata volti kidogo. Wewe uliyewasha runinga na balbu moja tu unabebeshwa zilizobaki, hata 350 na zaidi.

Sasa piga hesabu. Kapasita ya kwenye bodi haioni 240, inaona kilele chake: zidisha kwa 1.414, unapata kama 339. Ndiyo maana imeandikwa 400V ubavuni. Stima ikifika 350, kilele kinakuwa 495. Hapo ndipo pu! inatoka.

Dalili yake unaiona kwa macho: balbu zako zinang'aa kama jua la Ahero, za jirani zinafifia kama kibatari. Ukiona hivyo usianze kuchomoa plagi moja moja. Kimbilia swichi kuu, zima, ndipo upige simu.

Kinga ya adui huyo ni gadi, ile ya kuchomeka kwenye soketi kisha friji au runinga ikachomekwa kwake. Ndani yake kuna saketi inayopima volti, na rilei, swichi inayojiendesha, inayokata zikizidi au zikipungua mno. Soma ubavuni inakata kwenye ngapi. Yangu inakata karibu 260 juu na 185 chini. Ya friji ichague yenye kungoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha stima, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza gesi ikiwa bado ina shinikizo, inakwama na kupata moto.

Na usidanganyike na ekstensheni. Mama mmoja anayeuza samaki kule Dunga aliniletea yake, yenye swichi sita na taa nyekundu, friji yake ikiwa imeshakufa. "Si hii inazuia, fundi? Aliyeniuzia alisema inazuia." Nikaifungua mbele yake. Ndani kulikuwa na vipande vitatu virefu vya shaba, waya, na taa ndogo. Basi. Hakuna hata varista moja. Mama akaitazama kwa muda, akasema, "Kumbe nilinunua taa."

Varista ndiyo kinga ya mpigo mfupi. Ni kisahani kidogo cha bluu au njano chenye miguu miwili, na bei yake haifiki sahani ya omena. Volti zikiwa za kawaida inakaa kimya kana kwamba haipo. Zikiruka ghafla, inafunguka na kuzipitisha kwake badala ya kwenye bodi. Inakaa kati ya laivu na nyutro, na lazima iwe baada ya fyuzi, kamwe si kabla. Varista ikichoka inashika shoti, na shoti hiyo inatakiwa ikate fyuzi. Ukiiweka kabla ya fyuzi, kitakachoungua ni waya wa ukutani.

Namba yake ilinifundisha adabu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa amplifaya ya bendi, nikaona varista imepasuka, nikatafuta nyingine kwenye kopo langu. Nilipata iliyoandikwa 14D271K. Nikajiambia: mia mbili sabini na moja, stima ni mia mbili arobaini, inatosha na chenji inabaki. Nikachomelea, nikawasha. Ilipasuka usoni pangu kwa mlio wa baruti, na moshi ule sijausahau mpaka leo. Kosa langu: 271 maana yake ni 27 ukiongeza sifuri moja, yaani volti 270, nayo inapimwa kwa kilele. Kilele cha stima yetu ni 339. Kwa hiyo ilikuwa inafunguka mara mia moja kila sekunde tangu nilipogusa swichi. Unayotaka ni 471, yaani 470, inayovumilia stima ya volti 300. Hiyo 14 ya mwanzo ni upana wa kisahani kwa milimita. Kama palikuwa na ya 10 na nafasi ipo, weka ya 14. Inameza mpigo mkubwa zaidi.

Kuipima kwa mita hakukuambii kila kitu. Ikisoma shoti, imekufa. Isiposoma kitu inaweza kuwa nzima au imechoka, kwa hiyo itazame: ikiwa na ufa, doa jeusi au rangi iliyobabuka, itoe.

Fyuzi sitaichelewesha. Rudisha ile ile iliyoandikwa, kwa mfano T3.15A 250V, hiyo T ni kwamba inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. Ukiweka F, ile ya kukata haraka, inakatika bure. Nimeshatoa kwenye fyuzi karatasi ya pakiti ya sigara, na waya mnene wa ekstensheni. Aliyefanya hivyo alikuwa amegeuza bodi nzima kuwa fyuzi. Na kwenye plagi ya runinga toa ile fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3.

Adui wa tatu ni kapasita yenyewe. Ikiwa tupu, sekunde ile unapowasha inavuta stima kama mtu aliyetoka kufunga. Ndiyo maana karibu na fyuzi kuna kisahani cheusi au kijani kibichi kilichoandikwa 10D-9 au 5D-9. Watu wengi wanakidhania ni kapasita, ni thamista. Ile 10 ni omu zake, yaani kipimo cha ukinzani, ikiwa baridi. Gawa 339 kwa 10, mkondo unazuiliwa kwenye ampea kama 34, badala ya kuruka mpaka diodi, vipande vinavyopitisha stima upande mmoja tu, zipasuke. Ikipata moto omu zinashuka karibu zote, inaacha stima ipite. Kuna mafundi wanaoruka nayo kwa waya ikikatika. Runinga inawaka, mteja analipa, mwezi unaofuata diodi zimekwenda.

Hapa pana jambo ambalo wateja hawaambiwi. Stima ikipotea na kurudi papo hapo, thamista bado ina moto, haizuii kitu. Kwa hiyo stima ikikatika, chomoa plagi, na ikirudi ngoja dakika mbili tatu. Inapochezacheza, mara ipo mara haipo, usiguse kabisa.

Kabla ya kuingiza mkono kwenye bodi, chomoa plagi kisha ondoa chaji ya kapasita. Usitumie bisibisi, cheche yake inatoboa njia za shaba za bodi. Mimi nina rezista, kipande cha kupunguza mkondo, ya kilo-omu 2.2, wati 5, iliyochomelewa waya mbili zenye vishikio. Naishika sekunde kumi, kisha napima mpaka mita isome chini ya volti tano.

Na ukimaliza usiwashe moja kwa moja. Funga balbu ya zamani ya waya, wati 100, katikati ya laivu, stima ipite kwenye balbu kwanza ndipo ifike kwenye bodi. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, bodi iko sawa. Ikiwaka yote na kubaki hivyo, bado kuna shoti, na hujapoteza fyuzi wala varista. Balbu hizo zimeadimika. Tatu nilizonazo nimezificha kwenye kopo la majani chai.

Imebaki athi, waya unaoshuka ardhini. Pima kwenye soketi, ukiwa makini na ncha za mita: laivu kwa athi isome karibu sawa na laivu kwa nyutro, na nyutro kwa athi isome volti chache tu. Ukikuta laivu kwa athi ni 90 au 110 inayotangatanga, waya wa athi haujafika ardhini, na kinga zinazotegemea athi hazina pa kumwaga. Ukikuta mtu ameunganisha athi na nyutro ndani ya soketi, toa siku hiyo hiyo. Nyutro ikikatika, mwili wa chuma wa friji unakuwa laivu, na mtoto akiugusa hakuna varista itakayomsaidia.

Radi yenyewe ikianza kunguruma juu ya milima ya Nandi, hakuna kisahani ninachokiamini. Nachomoa plagi, na waya wa antena pia. Wengi wanaacha antena, na wanaleta runinga ambayo upande wa stima ni mzima kabisa, upande wa antena ni mkaa.