Jinsi ya kutumia GPS ukisafiri na kempa Uganda

Mimi ni dereva. Naendesha kempa za wageni kutoka Entebbe: gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, kimo chake mita tatu na ushee, na likishajazwa maji na mafuta linalemea kama lori. Wageni wengi huja na GPS zao kutoka Ulaya wakidhani kazi ni kuandika jina la mahali na kubonyeza "Nenda". Huku haiendi hivyo. Njia unaichagua wewe, nukta kwa nukta, kisha kifaa kinakushikilia usiiache.

Hatua ya 1: Pima umri wa ramani yako

GPS haihitaji intaneti, inasikiliza setilaiti. Ila ramani lazima iwe tayari ndani ya kifaa. Kwa kifaa cha GPS cha Garmin, wasafiri wengi hununua ramani ya Tracks4Africa. Kwa simu, programu za OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani za bure za OpenStreetMap, unazipakua ukiwa bado na waifai. Mimi nabeba vyote viwili.

Kujua kama ramani ni ya zamani, vuta karibu Jinja. Daraja jipya la Nile lilifunguliwa mwaka 2018. Kama kifaa bado kinataka kukupitisha juu ya bwawa la Nalubaale, sasisha ramani kabla hujatoka. Kisha tazama Paraa kwenye ramani, ndani ya hifadhi ya Murchison. Zamani palikuwa na feri, sasa kuna daraja. Ramani ikionyesha feri tu, na wewe umeweka "epuka feri", utazungushwa hadi Karuma bila sababu.

Hatua ya 2: Kifunge vizuri

Kiweke pembeni chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, kisizibe barabara. Soma maandishi ya chaja: kempa zilizojengwa juu ya lori huwa na umeme wa volti 24, na chaja iliyoandikwa volti 12 tu itaungua. Nimeshanusa moshi wake.

Kifaa kilichotoka nchi ya mbali kikiwashwa mara ya kwanza kinaweza kukawia. Orodha kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Simama mahali peupe, kunywa chai, usianze kukibonyezabonyeza.

Hatua ya 3: Mipangilio

Vifaa vya kempa vina sehemu ya kuingiza kimo, upana na uzito wa gari. Ingiza, lakini usitegemee sana, kwa sababu barabara nyingi za huku hazina taarifa hizo kwenye ramani. Kifaa hakijui waya wa umeme ulionyong'onyea wala chuma cha kuzuia magari marefu kwenye maegesho ya maduka ya Kampala. Pima gari mwenyewe kwa futi kamba kuanzia chini hadi kitu cha juu kabisa, paneli ya sola ikiwemo, uandike kipimo kwenye karatasi mbele ya macho yako.

Chagua njia ya haraka. Njia fupi itakuingiza mashambani kwa watu, kwenye ndizi.

"Epuka barabara zisizo na lami" usiiwashe daima. Ukiiwasha, kifaa kitakuzungusha sana kukwepa kipande kidogo cha marumu kizuri tu. Iwashe siku ya mvua.

Hatua ya 4: Namba za mahali, na herufi moja ya hatari

Hapa nitakaa kidogo. Mstari wa ikweta unapita katikati ya Uganda, kwa hiyo N (kaskazini) na S (kusini) si pambo. Mbarara iko karibu na 0.61 S, 30.66 E. Ukiandika N badala ya S, kifaa hakitalalamika: kitakupeleka jirani na Kyenjojo, zaidi ya kilomita 130 kaskazini kwa mstari ulionyooka. Nchi nyingine kosa hilo lingekutupa baharini ukacheka. Hapa linakupa mji halisi, wenye lami na sheli.

Mgeni wangu mmoja alinakili namba za kambi ya karibu na Mbarara, alama ya kutoa, inayosimama badala ya S, ikadondoka. Tulitoka Entebbe kwa barabara ya kulipia, na tulipofika Busega kifaa kikataka tushike barabara ya Mityana. Hapo ndipo niliposhtuka. Wa Mbarara anashika ya Masaka, anapita Kayabwe kwenye ikweta, na hapo N kwenye skrini inageuka S. Ukivuka Kayabwe, tazama.

Tofautisha pia desimali na dakika (digrii moja ina dakika sitini). 0°36′ ni 0.60, si 0.36. Kosa hilo ni kama kilomita 27.

Hatua ya 5: Jenga njia kwa nukta

Usiandike "Bwindi". Msitu ule una sehemu nne za kuanzia kufuata sokwe wa milimani (gorila): Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kutoka Buhoma kwenda Rushaga ni mwendo wa saa kadhaa wa milima na kona. Kibali chako kimetaja sehemu moja, andika hiyo. Ukikosea, asubuhi wenzako watapanda mlimani wewe ukiwa bado unapiga honi.

Kisha ongeza vituo vya kati. Mei 2023 maji ya mto Katonga yalikata barabara kuu ya Masaka, magari yakazungushwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. GPS haikuwa na habari. Ukiiambia Masaka tu, ilikurudisha kwenye maji kila dakika mbili kwa sauti ya upole. Dawa ilikuwa kuweka Kanoni, Sembabule na Villa Maria kama vituo, kwa mpangilio huo, halafu Masaka mwisho. Ukimaliza kuweka vituo, tazama njia nzima kwenye ramani. Ukiona mkia unaotoka na kurudi palepale, kituo kimoja umekibandika nje ya barabara.

Hatua ya 6: Ukiwa njiani

Saa ya kufika inayoonyeshwa ni ya gari dogo lisilosimama hata kula. Kwenye lami naongeza nusu, kwenye marumu nazidisha mara mbili. Jua huku linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ikigusa saa kumi na mbili, natafuta pa kulala mapema.

Na uliza watu, ila uliza vizuri. Kijana wa boda boda atakwambia "inapita, ssebo", na ni kweli, boda yake inapita. Mtafute dereva wa lori au taniboi wake, umwonyeshe kempa yenyewe: "Mzee, gari kama hili, lenye kimo hiki, jana lilipita?"

Hatua ya 7: Nyayo na kambi

Washa kurekodi nyayo, yaani mstari wa njia unayopita, tangu asubuhi. Ukipotea njia ya shambani, unageuza gari na kufuata mstari wako mwenyewe hadi lami, hata kama kwenye ramani hakuna barabara. Msituni, mawimbi ya setilaiti yakidhoofika chini ya miti, alama ya gari huruka pembeni, usigeuke kwa ajili yake.

Ukifika kambini, hifadhi nukta langoni, si pale ulipolaza gari. Kisha chomoa chaja. Soketi nyingine hubaki na umeme hata ufunguo ukitolewa, na asubuhi huenda betri isizungushe injini.